Ncha ya Kebo

Sajini mstaafu Katunge alifika Kabati saa mbili na nusu asubuhi akiwa na mkoba wa bisibisi, laptopu ya zamani na barua ya kurasa mbili. Barua ilitoka kwa Mzee Mutisya, mwenyekiti wa kamati ya kituo cha mafunzo cha kanisa, na kwa barua ya mtu aliyekuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na sita, ilikuwa na hasira nyingi na nukta chache. Ilisema netiweki ya kituo imelala kwa wiki tatu. Ilisema mwizi anajulikana. Kazi ya Sajini ilikuwa kuleta ushahidi kabla ya saa nane mchana, kwa sababu saa nane kamati ingekaa na mwizi angefukuzwa.

Katunge alikuwa ametumikia kitengo cha mawasiliano cha polisi mpaka siku ya kustaafu. Sasa alikuwa kwake Kalamba, anafuga kuku, na mara moja moja anaitwa na watu ambao kompyuta zao zimewashinda. Alikuwa mtu wa subira, lakini kitu kimoja kilimkera bila kukosa: kuitwa kupeleleza halafu kupewa jibu mlangoni.

Jibu lenyewe lilikuwa Ngure, mwalimu wa kompyuta. Kijana wa miaka ishirini na saba, wazazi wake wana asili ya Murang'a na wana duka Emali, yeye amepanga chumba nyuma ya soko la Kabati na hana ndugu hapa hata wa kumkopesha sufuria. Mzee Mutisya alieleza kesi yake wakiwa bado wamesimama uani. Kila jioni vijana hukaa nje ya ukuta wa darasa na simu zao. Vijana hawakai mahali bure. Kwa hiyo Ngure amewapa paswadi, wanafyonza net yote, na wanafunzi wa kituo wanabaki wakitazama kiduara kinachozunguka kwenye skrini.

"Umemuuliza?" Katunge akasema.

"Nimemuuliza. Amekataa."

"Na hiyo ndiyo imekufanya uamini ni yeye?"

Mzee Mutisya alisema angekuwa ofisini, akaenda ofisini.

Darasani Ngure alisimama Sajini alipoingia, kama mtu aliyeona hakimu akiingia. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi vizuri mno kwa siku ya kawaida. Katunge alimwambia akae, akamwomba amwonyeshe kwanza mambo ya msingi, na kijana akaonyesha. Ruta ilikuwa ukutani karibu na dirisha, ndiyo inayoleta intaneti kutoka nje. Chini yake, ndani ya sanduku la chuma, ilikuwa swichi, ambayo kazi yake ni kuigawa hiyo intaneti kwa kebo za bluu zinazopita ukutani mpaka kwenye matundu, na kutoka kwenye matundu mpaka kwa mashine kumi na mbili.

Mashine zenyewe zilikuwa nzee. Masanduku mazito ya kijivu, zawadi ya ofisi moja ya Nairobi iliyokuwa inanunua mapya, na kila moja ilikuwa na namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe. Kilichomshangaza Katunge ni usafi wao. Vumbi la Kabati analijua, linaingia hata kwenye mayai, lakini hapa alipitisha kidole juu ya namba saba na kidole kikarudi kama kilivyokwenda.

Alianza na kesi ya mwenyekiti, kwa sababu ndiyo iliyomleta. Kwenye laptopu ya Ngure alifungua ukurasa wa ruta na kusoma orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Vilikuwa kumi na vinne. Kumi na mbili zilikuwa mashine za darasani. Cha kumi na tatu kilikuwa laptopu ya Ngure. Cha kumi na nne kilikuwa simu iliyojitambulisha kwa jina la "Mzee M". Alitoka nje kuwatazama vijana wawili waliokuwa tayari wameegemea ukuta, akaomba kuona simu zao, na akakuta wanatumia bando zao wenyewe. Walikuwa wanafuata kivuli cha ukuta. Kisha akapita ofisini.

"Hiyo simu ni yangu, ndiyo," Mzee Mutisya akakiri. "Lakini mimi nasoma habari tu."

"Hata mwizi angesema hivyo," Katunge akajibu, akacheka ili mzee apate nafasi ya kucheka pia. Mzee hakuitumia nafasi hiyo.

Basi kesi ya kwanza ilikufa kabla ya saa tatu, na Katunge akarudi kwa mashine. Alipima kila moja kwa njia aliyozoea: anaituma iisalimu ruta, kisha anahesabu salamu imechukua muda gani kurudi. Darasa dogo namna hii, salamu ingefaa kwenda na kurudi ndani ya milisekunde moja. Hapa zilichukua elfu moja na mia tisa, na nyingine hazikurudi kabisa. Ngure alisema tayari amefomati zote kumi na mbili, amebadilisha memori kwenye nne, na wiki iliyopita alilala saa chache sana. Hakusema hivyo kwa kujisifu. Alikuwa anahesabu vitu alivyobakiza kujaribu, na hesabu ilikuwa imefika mwisho.

Katunge naye hakuruka hatua. Mashine tatu alizikuta zinajivutia apdeti kisirisiri, akazisimamisha na kuzipangia saa ya mapumziko ya mchana. Mbili zilikuwa zimewekwa kuzungumza na swichi kwa mwendo wa zamani kuliko uwezo wao, akazirekebisha. Namba tisa plagi yake ilikuwa imevunjika kile kidomo cha kuishikilia, kwa hiyo kila mtu akigusa meza inachomoka kidogo, akaweka mpya kutoka mkobani. Alipopima tena, salamu zilichukua elfu moja na mia nane na hamsini.

"Kuna nafuu," akasema Ngure kwa adabu.

"Usinifariji," akasema Katunge.

Alizima swichi, akahesabu mpaka kumi, akaiwasha, akapima namba tano. Salamu ikarudi kwa milisekunde moja. Moja tena. Moja tena. Ngure alisogea karibu, akashika kiti. Kwa sekunde kama arobaini ile mashine nzee ilikimbia kama mpya, kisha ikaja mia sita, ikaja elfu mbili, na baada ya hapo kimya.

"Hufanya hivyo," Ngure akasema. "Ukiwasha inaamka kidogo halafu inalala. Watu wa kamati wanasema ni uzee."

"Uzee hauondoki kwa sekunde arobaini halafu ukarudi," Katunge akasema. "Ningekuwa nimeshaupata huo wangu."

Akamwambia azime mashine zote, moja baada ya nyingine, na laptopu yake pia. Chumba kikanyamaza. Katunge alipiga magoti mbele ya sanduku la chuma na kutazama taa za swichi. Taa za kijani huwaka na kuzima pale mashine inapotuma au kupokea kitu, kila moja kwa wakati wake. Sasa mashine zote zilikuwa zimezimwa. Zingebaki taa mbili tatu zinazopepesa kivivu. Lakini taa tatu zilikuwa zinapepesa kwa kasi, zote pamoja, bila kupumzika hata kidogo.

Katunge alizitazama kwa dakika nzima. Moja ilikuwa ya ruta, na ruta ilikuwa inapigiwa kelele kama wengine. Zilibaki mbili. Hakuna mashine inayoongea, na bado mtu anaongea. Maana yake netiweki ilikuwa inajisemesha yenyewe. Mahali fulani kulikuwa na kebo iliyotoka kwenye swichi na kurudi kwenye swichi ile ile, na kila salamu iliyopita hapo ilizunguka, ikajirudia, ikawa mbili, ikawa elfu. Ni kama mtu anayepiga hodi kwake mwenyewe, anajiitikia karibu, halafu anapiga hodi tena. Kompyuta mpya ina nguvu ya kupuuza. Kompyuta nzee inakwenda kufungua mlango kila mara, mpaka inachoka.

"Umekagua kebo zote?" akauliza.

"Zote kumi na mbili, Madam. Kutoka mashine mpaka ukutani. Mara mbili."

"Kumi na mbili za mashine."

"Ndiyo."

Katunge aliketi, akatoa kalamu, na kumwuliza Ngure swali ambalo hakuna mtu wa kamati aliyekuwa amelifikiria: katika hizi wiki tatu, kuna siku hata moja netiweki ilifanya kazi?

Ilikuwepo. Alhamisi iliyopita, kuanzia saa saba mchana mpaka jioni, ilikimbia vizuri kabisa, wanafunzi wakamaliza kazi ya wiki nzima. Ngure alidhani imepona. Ijumaa asubuhi akaikuta imelala kama kawaida. Katunge alimwuliza Alhamisi hiyo saa saba alifanya nini. Hakufanya kitu. Alifundisha. Kabla ya kufundisha alikula. Kabla ya kula aliisukuma meza yake mbali na ukuta kidogo, kwa sababu akina mama wa ushirika walitaka nafasi ya kuweka viti.

"Na Ijumaa asubuhi meza ilikuwa wapi?"

Ngure alifikiri. "Ilikuwa imerudishwa ukutani. Imenyooka."

Funguo za darasa zilikuwa tatu. Moja ya Ngure. Moja ya Mzee Mutisya, ambaye tangu Jumatano hadi Jumamosi ya wiki hiyo alikuwa Tseikuru akichagua mbuzi, na watu sita walikuwa wamemwona huko. Ya tatu ilikuwa ya Mama Mulei, anayefanya usafi kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ngure alipolitaja jina hilo uso wake ulilegea kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alisema Mama Mulei humletea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kila mchana kwenye bakuli lenye kifuniko, kwa sababu aliwahi kumkuta anakula mkate mkavu na hajamsamehe mpaka leo. Alisema humwita mwaitu, mama yangu, ndilo neno la Kikamba alilojifunza la kwanza.

Katunge alifunga daftari. Hakupenda mahali ambapo kesi ilikuwa inaelekea.

Mama Mulei alikuwa nyuma ya jiko la kituo, ameketi kwenye gogo, anasuka kikapu cha kyondo. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kidogo, mwembamba, mwenye vidole virefu ambavyo havikusimama hata alipoitikia salamu. Katunge aliketi kando yake bila kutoa kalamu. Walizungumza juu ya mvua, juu ya kuku wa Kalamba, juu ya Mulei mwenyewe ambaye yuko Emali na simu yake huzima wakati wa sikukuu. Wakati wote huo Sajini alikuwa anatazama vidole. Mama Mulei alifika mwisho wa uzi mmoja wa mkonge. Hakuukata. Aliukunja, akautafutia nafasi kati ya nyuzi za jirani, akausukuma ndani mpaka ukapotea, kisha akapitisha kiganja juu yake kuhakikisha haukwaruzi.

"Huo ungeuacha nje ingekuwaje?" Katunge akauliza.

"Ncha nje?" Mama Mulei alimwangalia kama ameuliza juu ya kutembea bila viatu kanisani. "Kyondo ya ncha nje unampelekea nani? Mamangu alikuwa anaifumua yote uanze tena. Uzi lazima urudi nyumbani."

"Na darasani, ukiona uzi umening'inia?"

"Darasani siachi kitu inaning'inia. Mwalimu ni kijana, haoni." Sauti yake ilijaa upole. "Mimi nafagia, napanguza, halafu naombea hizo mashine moja moja, zipone. Huyu mtoto wanataka kumfukuza, unajua?"

Katunge alisema anajua. Akamwomba waende darasani amwonyeshe anavyofanya kazi yake.

Mama Mulei alionyesha kwa furaha ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa. Alianzia mlangoni, akapita namba moja mpaka kumi na mbili, akafika meza ya mwalimu, akainama chini yake. Pale, karibu na sakafu, kebo ya bluu ilitoka kwenye bomba la ukutani. Zamani ilikuwa kebo ya printa. Printa ilikufa wiki tatu zilizopita na kubebwa kwenda kwa fundi, kebo ikabaki na ncha yake sakafuni. Shubiri moja kando yake ukutani kulikuwa na tundu la netiweki lisilo na mashine, nalo liliunganishwa na swichi ile ile. Ncha ya kebo ilikuwa ndani ya tundu hilo, imenyooka, imepanguzwa.

"Hii ilikuwa imelala tu chini, inakusanya mchanga," Mama Mulei akaeleza. "Na nyumba yake iko hapo karibu. Nikairudisha. Ilisema tik. Kama si shimo yake ingekubali? Siku moja walisukuma meza ikatoka, asubuhi nikairudisha tena."

Ngure alikuwa amesimama nyuma yao. Katunge alimsikia anavuta pumzi, akamnyoshea mkono nyuma ya mgongo anyamaze, na kijana akanyamaza.

Walifanya jaribio mara tatu, kwa sababu mara moja ni bahati na mara mbili ni tamaa. Ngure aliwasha mashine. Katunge akachomoa ncha: taa za swichi zikatulia, kila moja ikapepesa kwa zamu yake, na salamu zikarudi kwa milisekunde moja kwenye namba moja, namba tano, namba kumi na mbili. Akaichomeka: sekunde arobaini, na zote zikalala. Akachomoa, zikaamka. Mara ya tatu hakuwa na haja ya kutazama taa. Alimtazama Mama Mulei, ambaye alikuwa ameshika mdomo kwa viganja viwili. Hakuna aliyemweleza. Alikuwa ameona mwenyewe mkono wa Sajini unaingiza na mashine zinakufa, unatoa na mashine zinafufuka, na alikuwa anahesabu asubuhi za wiki tatu.

Ilikuwa saa saba unusu. Katunge alimtoa nje, akamketisha, akamletea maji. Alimwambia ripoti yake itakuwa na mstari mmoja: kebo iliunganishwa vibaya. Ngure atakuwa salama. Hakuna mahali panapohitaji jina la mtu.

"Watauliza ni nani," Mama Mulei akasema.

"Wakiuliza nitasema sikuletwa hapa kutafuta mtu. Nilikuwa nimeletewa mtu tayari."

Mama Mulei alikunywa maji mpaka yakaisha. "Jina ya mtoto wa wenyewe imebebwa sokoni wiki tatu," akasema. "Ni mkono yangu ilikuwa inamfukuza, na mchana nampelekea chakula." Akalia, bila sauti, na Katunge, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa ameona watu wakilia mbele yake kwa sababu nyingi, nyingine za uongo, alimshika bega na kubaki hapo mpaka kengele ya kamati ilipogongwa.

Kamati ilikuwa watu watano kwenye benchi mbili darasani. Katunge alisoma ripoti, akaeleza ile kebo, akaonyesha namba za kabla na za baada. Mzee Mutisya alisikiliza yote kwa haki, na alipomaliza alimgeukia Ngure na kusema mbele ya wote kwamba alikosea, kwamba anaomba radhi, na kwamba simu yake yeye mwenyewe ataitoa kwenye netiweki. Haikuwa rahisi kwake, lakini aliisema yote. Kisha akauliza swali lililotarajiwa: ni nani aliyeichomeka hiyo kebo?

Katunge aliinama akatafuta kitu mkobani.

"Ni mimi, Mwenyekiti," akasema Mama Mulei mlangoni. Alikuwa amevua aproni, ameikunja. "Niliona inaning'inia. Sikujua. Mwalimu hana makosa hata kidogo."

Mzee Mutisya alivua miwani. Alimjua huyu mama tangu wakiwa kwaya moja, na haikuwa hasira iliyomfanya aseme alichosema. Ilikuwa ile tabia ya mwalimu mkuu ya kutaka kila kosa liwe na mstari chini yake. Alisema anamshukuru kwa ukweli. Alisema hata hivyo vifaa vya umeme si vya mtu asiyevielewa, na kuanzia Jumatatu Mama Mulei afagie jikoni na ofisini, asiingie tena chumba cha kompyuta. Watu wawili wa kamati waliitikia kwa kichwa. Mama Mulei pia aliitikia kwa kichwa, haraka, kama mtu anayepokea kidogo kuliko alichostahili.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyeumizwa," Mzee Mutisya akasema. "Una neno?"

Ngure alikwenda kwenye meza yake, akafungua droo, akatoa daftari kubwa lenye jalada jekundu, akageuza kurasa mpaka alipofika palipo wazi. Akarudi nalo mpaka mlangoni.

"Mwaitu," akasema, "jina lako kamili ni nani?"

"Ya nini?"

"Niandike."

"Mwalimu, jambo hili limekwisha," Mzee Mutisya akasema. "Hakuna haja ya ripoti nyingine."

"Si ripoti, Mwenyekiti. Ni rejista. Umesema asiingie mtu asiyeelewa, na mimi nakubali. Darasa la wanaoanza ni Jumatatu saa tatu, na kuna kiti kimoja." Akageukia benchi. "Huyu ndiye mtu pekee hapa aliyeona ile kebo. Mimi mwenyewe niliiruka wiki tatu."

Mwenyekiti alitazama wenzake, akatazama Sajini, na Sajini alikuwa amepata alichokuwa anatafuta mkobani, leso, na alikuwa anaitumia. Mzee alivaa miwani tena. Alisema kama ni mwanafunzi, basi mwanafunzi huingia darasani, sheria ni sheria.

Mama Mulei alikuwa bado mlangoni na aproni mkononi. Miaka mitatu alikuwa amefagia kituo hiki, na hapo wote walikuwa wanamwita kwa jina la mwanawe.

"Kasyoka," akasema polepole. "Kasyoka Mbaluka."

Ngure aliegemeza daftari kwenye fremu ya mlango, akaandika kwa herufi kubwa, kisha akamgeuzia aone. Mama alisogeza uso karibu. Alikuwa ameishia darasa la nne, lakini herufi za jina lake alikuwa amezitunza. Alizifuata kwa kidole moja baada ya nyingine, akasimama kwenye ya nne.

"Hapo kuna y," akasema.

Ngure akafuta, akaandika upya.